Chai imekatika, kiini kimekuwa ubani, insulini ina nyuzi: kutafuta chanzo protini inapoharibika

Neno letu "kuganda" lina kazi nyingi. Damu inaganda, maji yanaganda yakawa barafu, maziwa yanaganda yakawa mtindi, ute wa yai unaganda kikaangoni. Jikoni halina shida. Kwa anayetafuta chanzo cha tatizo, ni mtego. Shangazi yangu aliwahi kunipigia simu akasema insulini yake imeganda. Nikamuuliza: imeganda kama barafu au kama maziwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema nadhani yote mawili. Na kweli yalikuwa yote mawili. Usiku kichupa kilikuwa kimeegemea ukuta wa barafu ndani ya friji. Asubuhi kilipoyeyuka, alipokiinua dirishani aliona nyuzi nyembamba nyeupe zikielea.

Swali lile nimekuwa nikiliuliza tangu siku hiyo kwa kila kitu chenye protini kinachoharibika, kiwe sufuriani au maabarani. Je, umbo la protini limekunjuka tu, au protini zimeshakunjuka na kushikana? Hizo ni hatua mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Kinachotokea ndani

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Insulini ina 51 katika minyororo miwili, ovalbumini ya kwenye ute wa yai ina 385. Mnyororo ukishatengenezwa hujikunja: sehemu zinazokimbia maji, kama mafuta yanavyoyakimbia, hujificha ndani, na zile zinazoelewana na maji hubaki nje. Umbo hilo ndilo kazi yake. Likikunjuka, sehemu zilizokuwa zimefichwa hubaki wazi, na zikikutana na za jirani yake aliyekunjuka pia, hunatana. Hapo ndipo unapoona weupe, ukungu, vipande au nyuzi.

Kukunjuka peke yake mara nyingi hurekebishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Christian Anfinsen wa Marekani aliichukua protini ndogo iitwayo ribonuklease, akaikunjua kwa urea na kemikali inayovunja vifungo vya salfa, kisha akaziondoa kemikali hizo. Protini ikajikunja upya yenyewe na kufanya kazi kama kawaida. Kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Lakini angalia mazingira yake: protini ndogo, ndani ya maji mengi, kila mnyororo uko mbali na mwenzake. Ute wa yai una protini karibu asilimia 10. Humo kila mnyororo unaokunjuka umebanwa na jirani zake, na kabla haujapata nafasi ya kurudi umeshanaswa. Ndiyo maana yai la kuchemsha haliwi bichi tena likipoa.

Joto hukunjua kwa kuutikisa mnyororo mpaka vifungo vyake vinaachia. Baridi hufanya jambo ambalo wengi hawalitarajii. Msukumo wa maji unaozifukuza zile sehemu za mafuta zikae ndani hupungua nguvu joto linaposhuka, kwa hiyo zipo protini zinazokunjuka kwa sababu ya baridi yenyewe, hata kabla ya barafu. Mgandamizo nao huyasukuma maji yaingie kwenye mianya midogo iliyobaki katikati ya mkunjo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Weka kitu kwenye glasi safi, ukitazame dhidi ya mwanga. Ukungu maana yake kuna chembe kubwa za kutosha kuutawanya mwanga, yaani kushikana kumeshaanza. Ila uangavu haukuhakikishii usalama: protini iliyokunjuka bila kushikana haionekani kwa macho.

Dalili: chai ya maziwa imekatika

Umeweka maziwa, majani na tangawizi mbichi kwenye sufuria moja. Kabla haijachemka unaona vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya manjano. Watu wengi hapo hapo humlaumu muuza maziwa. Mpe nafasi kwanza. Chukua maziwa yale yale kidogo, uyachemshe peke yake kwenye kijiko kikubwa juu ya moto. Yakichemka bila kukatika, muuza maziwa hana kosa. Mwenye kosa ni tangawizi.

Karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Kaseini hazikujikunja kwa kubana kama protini nyingine, ndiyo maana maziwa yanaweza kuchemka na kububujika bila kuharibika. Zimekusanyika katika vifundo vidogo sana, na kila kifundo kimezungukwa na kama nywele za aina moja ya kaseini, iitwayo kapa-kaseini. Nywele hizo ndizo zinazozuia vifundo visigusane. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, na kazi ya hiki ni kukata protini nyingine. Kinafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi joto 60 hivi. Chai inapopita taratibu kwenye joto hilo, nywele zinanyolewa, vifundo vinagusana, maziwa yanakatika. Tiba ni mpangilio tu: chemsha tangawizi na maji na majani kwanza, iache ibubujike dakika kadhaa ili kimeng'enya nacho kikunjuke na kufa, ndipo utie maziwa.

Ikiwa maziwa ya kwenye kijiko yamekatika yenyewe, basi yameanza kuchacha hata kama hujasikia harufu. Maziwa mabichi yana pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) ya karibu 6.7. Kaseini hushikana zenyewe pH ikifika 4.6, lakini joto huharakisha mambo: maziwa ambayo yakiwa baridi bado yanaonekana mazima yanaweza kukatika mara tu yanapochemka. Vituo vya kukusanyia maziwa hutumia kipimo hiki hiki, na kingine cha kuchanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa na kuangalia kama kuna vipande.

Sababu ya tatu husahaulika. Dang'a hukatika likichemshwa hata likiwa limekamuliwa dakika hiyo, kwa kuwa limejaa protini za kinga, na hizo hazivumilii moto kama kaseini. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele nayo yanaweza kukataa kipimo cha alkoholi bila kuwa yamechacha, kwa sababu uwiano wa chumvi zake umebadilika. Kwa hiyo mfugaji anayeambiwa maziwa yake "yamechacha" na ana hakika ameyafikisha mapema, akamkague ng'ombe.

Dalili: tui limekatika

Hii ni ya pwani, na kila aliyepika samaki wa nazi anaijua: mafuta juu, chembe nyeupe chini, mchuzi umekuwa maji. Mafuta ya nazi yamesimama ndani ya maji kwa msaada wa protini zinazoyazunguka matone yake. Protini hizo huanza kukunjuka na kushikana karibu na nyuzi 80. Tui likiachwa litulie juu ya moto mkali, hushikana kwa mabonge na matone ya mafuta huungana. Wanaosema usiache mkono kwenye mwiko wana sababu ya kisayansi: ukikoroga, protini bado zinakunjuka, ila hazipati utulivu wa kujenga mabonge. Tia kasimile, lile tui zito la kwanza, mwishoni, moto uwe mdogo, na ndimu au ukwaju uingie ukiwa umeshatoa jikoni au karibu na kutoa. Mchuzi uliokatika unalika bila madhara. Umepoteza sura tu.

Dalili: mtindi mwepesi, maji yanajitenga juu

Hapa ndipo watu wanaposhangaa, maana tatizo ni kwamba protini hazikukunjuka vya kutosha. Mbali na kaseini, maziwa yana protini za maji-maziwa, na kubwa kati yake inaitwa beta-laktoglobulini. Ukiyapasha maziwa mpaka nyuzi 85 na kuyashikilia hapo nusu saa, protini hiyo hukunjuka, sehemu yake yenye salfa iliyokuwa imefichwa hutokeza, na hujifunga kwenye zile nywele za kapa-kaseini. Kisha bakteria wakitengeneza asidi, wavu unaojengwa unakuwa na mikono mingi na unashika maji vizuri. Ukiyapasha maziwa vuguvugu tu, wavu unakuwa na matundu makubwa na maji yanachuruzika.

Kama ulipasha vizuri na bado maji yanajitenga, angalia joto la kulea. Mtindi wa mgando mzito hulelewa kwenye nyuzi 42 hadi 45. Ukitia kianzio maziwa yakiwa bado yanaunguza kidole, bakteria wanakufa. Ukiusogeza-sogeza mtungi kabla haujashika, unaukata wavu ukiwa bado mchanga, na haujifungi tena.

Kuna watu wawili ambao watafanya yote haya na bado watashindwa. Wa kwanza ni anayetengeneza jibini kwa maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji. Hayo yamepashwa zaidi ya nyuzi 130 kwa sekunde chache, beta-laktoglobulini imeshazifunika nywele zote, na kimeng'enya cha kugandishia jibini hakipati pa kukata. Kwa mtindi maziwa hayo yanafaa, kwa jibini hayafai. Wa pili ni mwenye maziwa ya ngamia, kaskazini mwa Kenya kwa mfano. Maziwa ya ngamia hayana beta-laktoglobulini kabisa, na kapa-kaseini yake ni kidogo. Mtindi wake unakuwa wa kunyweka hata ukiwa umeutengeneza kwa ustadi wote. Kwa jibini, kimeng'enya cha ndama hakiyawezi vizuri, ila kile cha ngamia mwenyewe kinayagandisha vizuri zaidi.

Dalili za yai

Ukitaka kuelewa mlango huu wote, fanya jaribio hili mara moja. Weka ute wa yai kwenye glasi nyembamba, izamishe kwenye maji ya moto yenye kipimajoto, upandishe joto polepole. Kwenye nyuzi 60 bado ni kioo. Kwenye 62 ukungu wa rangi ya maziwa unaanza pembeni, ukigusana na glasi, na unaingia ndani kama moshi. Hiyo ni ovotransferini, dhaifu kuliko wenzake. Kwenye 70 una kitu kinachotikisika. Bado hakijawa kigumu, kwa sababu ovalbumini, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini ya ute, inasubiri mpaka nyuzi 80 na kitu. Ikikunjuka hiyo, ute unashika kisawasawa. Mimi nimeliona mara nyingi, na kila mara ule moshi wa kwanza hunifanya niinamie glasi.

*Ute umekuwa raba, au mayai ya kuvuruga yanatoa maji.* Ni kosa moja. Wavu wa protini ukiendelea kupata moto baada ya kushika, unazidi kujikaza na kuyakamua maji yaliyokuwa ndani. Toa mapema kidogo kuliko unavyodhani. Joto lililobaki linamalizia kazi.

*Kiini kina duara la kijani.* Joto limekaa muda mrefu mpaka salfa ya ute imetoka na kukutana na chuma cha kiini. Hakina sumu. Punguza muda, na uyapoze mayai kwenye maji baridi mara moja.

*Ganda halitoki, linabeba nyama ya yai.* Yai ni la leo. Yai linapokaa, kaboni dioksidi hutoka kupitia vinyweleo vya ganda, ute unapanda kutoka pH ya karibu 7.6 kuelekea 9, na ngozi ya ndani inaachia. Subiri siku kadhaa.

*Kiini kilichokaa friza hakiyeyuki, kimekuwa kama ubani uliotafunwa.* Hili ndilo tatizo la baridi lililo wazi kuliko yote jikoni. Chini ya nyuzi 6 hasi, maji ya kiini yanakuwa barafu, na protini zilizobeba mafuta zinasukumwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki mpaka zinashikana. Ukikiyeyusha, barafu inaondoka lakini mshikano unabaki. Ute wenyewe unavumilia friza vizuri, kwa hiyo tenganisha. Kama lazima ugandishe viini, vikoroge kwanza na sukari au chumvi, takriban sehemu moja kwa kumi, kulingana na unachokuja kupika.

Dalili: mishkaki imekuwa uji, au imekuwa kamba

Uji: papai bichi limezidi. Kimeng'enya chake kinavumilia joto kuliko vingi, bado kinakata protini joto likiwa nyuzi 60 na kitu, kwa hiyo kinaendelea na kazi hata nyama ikiwa tayari juu ya makaa. Saa moja au mbili zinatosha kwa vipande vidogo. Usiku kucha ni kuiharibu.

Kamba: miosini, protini ya msuli, hukunjuka kwenye joto la nyuzi 50 na kitu, na hapo nyama ni laini. Aktini, protini nyingine ya msuli, hufuata kuanzia 66 hivi, na yenyewe ndiyo inayokamua maji. Ama toa kabla ya hapo, ama endelea kwa saa nyingi na moto mdogo ili kolajeni, protini ngumu ya mishipa, iyeyuke kuwa jelatini. Katikati ya hizo mbili ndiko nyama inakokuwa ngumu.

"Ni presha inayoivisha"

Nimesikia hili mara nyingi na ningependa lifutike. Sufuria ya presha huongeza mgandamizo kwa takriban kiasi cha hewa ya kawaida mara moja zaidi. Kwa protini hiyo si kitu. Kinachopika ni kwamba mgandamizo huo unayazuia maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 120. Kinachokunjua ni joto.

Ushahidi wa upande wa pili unapatikana milimani. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwenye banda la Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari kwenye Kilimanjaro, huchemka karibu na 84. Ovalbumini inahitaji 80 na zaidi, kwa hiyo yai hapo linaiva kwa kusuasua, na uchochee kuni utakavyo, maji hayapandi zaidi.

Hapa nisimame kwenye maharage mekundu, maana yanaweza kuumiza. Yana protini iitwayo lektini, na punje chache mbichi au zilizoiva nusu zinatosha kumtapisha mtu. Lektini hiyo inataka mchemko wa kweli. Ukiyapika kwenye chombo kinachopasha taratibu bila kububujika, unaweza kupata maharage laini ambayo sumu yake haijakunjuka. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu nusu saa kwanza, kisha ufanye utakavyo. Ama maharage ya zamani yasiyolainika hata upike siku nzima, usiilaumu protini. Tatizo hilo kwa sehemu kubwa ni la gundi inayoshikilia kuta za chembe za mmea, ndiyo maana magadi yanasaidia.

Mgandamizo unaoweza kukunjua protini peke yake ni wa daraja lingine. Mwaka 1914 Percy Bridgman, mwanafizikia wa Harvard aliyekuja kupata Nobel mwaka 1946, aliuminya ute wa yai bila kuupasha. Kwenye mara 5,000 ya mgandamizo wa hewa ulianza kuwa mzito kama uji mwepesi. Kufikia 7,000 ulikuwa umeshika kama yai la kuchemsha. Leo viwanda hutumia mgandamizo wa kiasi cha 6,000 kuua vimelea kwenye juisi: protini za vimelea zinaharibika, harufu ya tunda inabaki, kwa sababu molekuli ndogo za harufu hazina mkunjo wa kuvunjwa.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mgandamizo wa wastani, kama mara 2,000, unaweza kufanya kinyume. Unazibandua protini zilizoshikana bila kuukunjua kila mnyororo, na ukipunguzwa polepole baadhi hujikunja upya vizuri. Wanaotengeneza dawa za protini wametumia njia hiyo kuokoa kilichokuwa kimeshakuwa taka. Kwa joto au baridi, hilo ni gumu kulipata.

Dalili: sukari haishuki ingawa dozi ni ile ile

Insulini huharibika kwa njia tatu, na mara nyingi zinafuatana. Ndani ya kichupa, molekuli sita sita hukaa pamoja zikiwa zimeshikwa na zinki, na hali hiyo ndiyo kinga yake. Joto huzitenganisha. Molekuli iliyobaki peke yake hukunjuka kidogo, na zikikutana za namna hiyo hupangana kuwa nyuzi. Kutikisa huharakisha, kwa sababu kila kiputo cha hewa ni uso mpya, na protini zikifika kwenye uso wa hewa hufunguka. Kuganda kwa barafu huzisukuma zote kwenye sehemu ndogo, kama kwenye kiini cha yai.

Anza na macho. Insulini ya aina inayopaswa kuwa kama maji ikiwa na ukungu, nyuzi au chembe, usiitumie. Ile ya maziwa-maziwa ni nyeupe kwa asili. Izungushe taratibu kati ya viganja. Ikigoma kuchanganyika, ikiwa na mabonge, au ikiacha kama barafu nyembamba kwenye ukuta wa kichupa, imeharibika.

Kisha uliza ilikaa wapi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje, chini ya nyuzi 25 au 30 kama karatasi yake inavyosema, kwa takriban wiki nne. Ndani ya friji, mahali pa hatari ni kuugusa ukuta wa nyuma na chini ya kisanduku cha barafu. Insulini iliyowahi kuganda kama barafu haitumiki, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Shangazi yangu aliona nyuzi. Wengine hawaoni kitu. Safarini, usiilaze juu ya barafu moja kwa moja. Weka kitambaa kinene katikati.

Pasipo na friji, mtungi wa udongo wenye maji unasaidia, kwa kuwa maji yanayovukiza kupitia udongo hubeba joto. Chombo cha insulini kiwe kikavu, ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini, penye upepo. Dodoma wakati wa kiangazi kinapoza vizuri. Tanga au Mombasa, hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayavukizi na mtungi unapoza kidogo sana. Usiutegemee bila kipimajoto ndani yake.

Usimimine mabaki ya kichupa cha zamani kwenye kipya. Nyuzi huanza kwa kusuasua, lakini zikishakuwepo hata chache, huwa mbegu: molekuli nzima zinajipanga juu yake kwa kasi.

Ikiwa sukari imepanda bila sababu, umekula na kulala kama kawaida, na insulini inaonekana safi, badilisha kichupa na uwasiliane na daktari au mfamasia siku hiyo hiyo. Usiongeze dozi ya kichupa unachokishuku. Ukija kubadilisha ghafla na kuweka kizima kwa dozi ile kubwa, sukari inaweza kushuka vibaya.

Dalili: chanjo imepita karibu na barafu

Wahudumu wengi huangalia alama ya kwenye kichupa, ile ya mraba ndani ya duara, na wakiona mraba bado mweupe wanaridhika. Alama hiyo inapima joto tu. Chanjo inaweza kuwa imeganda kama barafu usiku mzima na alama isibadilike hata kidogo.

Zilizo hatarini ni zile zenye chumvi ya alumini: pepopunda, homa ya ini aina ya B, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, na ya HPV, virusi vya saratani ya mlango wa kizazi. Protini ya chanjo imejishika kwenye chembe laini za alumini. Barafu huzikusanya chembe hizo kuwa kubwa, na hazirudi kuwa ndogo.

Kichupa ulichokikuta kigumu kama jiwe hakihitaji kipimo, kitoe. Kile unachokishuku tu, kifanyie jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kingine cha chanjo ile ile, mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, kiandike wazi kuwa si cha kutumia, ukigandishe mpaka kiwe kigumu, kisha kiache kiyeyuke chenyewe. Vishike vyote viwili kwa mkono mmoja, uvitikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, uviweke pamoja mezani na uvitazame kwa nusu saa. Kile ulichokigandisha kitaanza kutulia haraka: juu maji safi, chini vumbi zito. Kikishuka kwa mwendo ule ule unachokishuku, kimeharibika. Kikibaki na ukungu sawasawa wakati mwenzake ameshatulia, ni kizima. Jaribio hili si la surua wala BCG, chanjo ya kifua kikuu. Hizo ni za unga mkavu na baridi ya friza haiziui.

Maabarani

*Kimeng'enya kilikuwa kizima mezani, kimekufa friji.* Usidhani umekosea kupima. Vimeng'enya vilivyoundwa kwa vipande vingi vinaweza kuachana kwenye baridi. Sehemu ya mitokondria inayotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya chembe, ikishatengwa na utando wake, hupoteza nguvu ikiwekwa kwenye barafu na hukaa vizuri kwenye joto la chumba. Soma maelekezo ya kimeng'enya chako kabla ya kufuata mazoea.

*Kimekufa baada ya friza, na pH ilikuwa sawa.* Ilikuwa sawa kabla ya kuganda. Ikiwa umetumia fosfeti ya sodiamu kuituliza pH, moja ya chumvi zake hujitenga mapema wakati wa kuganda, na pH inaweza kushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 4 wakati barafu inajengeka. Ukiyeyusha na kupima tena, inarudi 7 na huoni alama yoyote ya kilichotokea. Badili kwa ya potasiamu, tia gliseroli, gawanya katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja, na usiweke kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, maana hiyo hupanda na kushuka joto kila siku ukiwa umelala.

*Povu.* Acha kutikisa. Geuza kichupa taratibu, juu chini, mara tano.